Msumari Uliotokea Mara Mbili

Nyinyi vijana mnaofuta uchafu kwenye picha kwa kidole kimoja huku mnatafuna njugu, ketini kidogo. Mimi nimesafisha vioo vya watu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kushika kitambaa. Vioo vya saluni, vya vinyozi, vya makabati ya maharusi, vya vyumba vya wageni, vyote nilivisafishia kwenye kompyuta, katika studio ya picha hapa Machakos mjini, nikiwa nimekalia kiti kilichopungukiwa na mguu kidogo, nikakiwekea gazeti lililokunjwa. Mwaka jana macho yalikataa, nikaacha. Mjukuu wangu akaniuliza, "Susu, kwani hiyo ilikuwa kazi?" Nilicheka. Halafu nikakasirika, na nilipokasirika ndipo nikaanza kuandika haya.

Ilikuwa kazi, tena ya kuumiza mgongo. Ukiwa chumbani huoni uchafu wa kioo, kwa sababu unajitazama wewe. Kamera haijipendi namna hiyo. Inakuonyesha alama za vidole, povu la kunyolea lililokauka, dawa ya nywele iliyorushwa tangu Krismasi, na kinyesi cha nzi. Juu ya hayo inakuonyesha mpiga picha mwenyewe, amejikunja ndani ya kioo, jicho moja limefumbwa.

Huyo mpiga picha ndiye aliyenitia aibu ya kwanza. Nilikuwa mgeni katika kazi, nikapewa picha ya saluni mpya iliyotaka kujitangaza. Nikamfuta mpiga picha wetu ndani ya kioo, kichwa, kamera, fulana na suruali, nikaipeleka picha kwa mwenyewe nikiwa nimejaa majivuno. Baada ya siku mbili mama mwenye saluni akaingia studio na picha mkononi.

"Mama Mueni," akasema, "hii viatu ni ya nani?"

Nikatazama. Ndani ya kioo, nyuma ya kiti cha kusukia, vilisimama viatu viwili vya kiume, vyeusi, bila mtu.

"Mume wangu ameniuliza tangu jana," akasema, "na mimi niko na jibu gani ya kumpatia?"

Nilimpigia mumewe simu mimi mwenyewe. Mpaka leo sijui kama aliniamini.

Mara nyingine nilisafisha kioo cha kinyozi. Ndani yake kulikuwa na mteja aliyevaa fulana yenye maandishi, na maandishi yalionekana kinyume. Nikaona ni kosa. Nikakaa nusu siku nikiyageuza yasomeke vizuri. Mzee Kioko alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama, akacheka hadi akatoa miwani apanguse macho. Ndani ya kioo maandishi yanatakiwa yawe kinyume, jamani. Nilikuwa nimelisahihisha jambo ambalo Mungu mwenyewe aliliacha hivyo.

Mzee Kioko ndiye aliyekuwa na studio, na ndiye aliyenifundisha. Alijifunza kazi zamani za filamu, wakati wa kupaka nyuso za watu kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano. Kompyuta ilipoingia, hakuwahi kushika mausi hata siku moja. Aliniajiri mimi niishike, naye akavuta kigoda nyuma yangu na kunifundisha kazi kwa mdomo. Alikuwa na maneno machache, na kila neno alilirudia mpaka uchoke. "Mwana wakwa, usimalize uchafu wote. Kioo kikiwa safi sana, watu wanafikiria ni dirisha." Ni kweli. Jaribuni muone. Bakizeni ukungu kidogo pembeni, na kilicho ndani ya kioo kiwe hafifu kuliko kilicho nje, kisiwe na ung'avu ule ule. Simu zenu hazijui hilo, ndiyo maana picha zenu zina vyumba vilivyotobolewa matundu.

Neno lake la pili lilikuwa kwamba picha ya kwanza haiguswi. Unafanya nakala, unachezea nakala, ile ya kwanza inalala. Na la tatu, ambalo nataka mlisikie vizuri kwa sababu ndilo lililonileta hapa, lilihusu uchafu wenye pacha.

Kioo kina vitu viwili. Mbele kuna kigae kinachopitisha mwanga, nyuma yake kuna rangi ya fedha inayokurudishia sura. Mtu akishika kioo kwa kidole chenye mafuta, alama inakaa mbele, na ile fedha iliyo nyuma inaiona na kuirudisha. Kwa hiyo ukikuza picha ya kutosha utaona alama mbili, yenyewe na pacha wake hafifu kando kidogo. Huo ni uchafu, futa ulale. Lakini ukiona doa liko peke yake, halina pacha, hilo haliko juu ya kioo. Ni fedha ya nyuma imeliwa na unyevu. "Hiyo si uchafu," Mzee Kioko alikuwa akisema, "hiyo ni ugonjwa ya kioo. Na ugonjwa unauliza mwenye mgonjwa kwanza."

Nilikuwa nikiitikia "ndiyo mzee" huku mkono unaendelea. Asiyesikia la mkuu mnajua huvunjika nini. Katika kisa changu guu lililokaribia kuvunjika lilikuwa la mtu mwingine, na ndilo lililonitesa.

Huyo mtu ni Fundi Mutua, seremala wa Katelembo. Ni mtu mrefu, mpole, asiyezungumza mpaka afikirie, na akishafikiria anasema nusu. Mzee Kioko alikuwa amekwisha kurudi shambani kwake kupumzika, studio akaniachia mimi niiendeshe. Mutua alikuja akaniomba nikampigie picha meza ya kujipambia, ile yenye kioo kirefu na droo pande zote mbili. Akina mama wa kanisa moja huko Kangundo walikuwa wanatafuta zawadi ya binti yao anayeolewa. Nanyi mnajua zawadi hizo zinavyotolewa. Haipelekwi nyumbani kimyakimya. Inabebwa mbele ya hema lote, akina mama wakicheza na kupiga vigelegele, na kila jicho liko juu yake. Akina mama hao hao ndio walikuwa wakimsifia Mutua kwa watu kila mahali, na kazi zake nyingi zilitoka midomoni mwao.

Kioo cha meza ile kilikuwa cha zamani, kizito, alikipata kwenye kabati la kale. Vya siku hizi ni vyembamba, akaniambia, vinakufanya uonekane umenenepa upande mmoja. Nikapiga picha karakanani kwake, nikiwa nimesimama upande. Mbele ya kioo kulikuwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo ndani ya kioo palionekana mabati matupu, na hiyo kwangu ilikuwa nafuu. Nikamwonyesha picha nyuma ya kamera. Akainama, akaweka kidole karibu na pembe ya chini.

"Hii alama inaonekana?" akauliza.

"Inaonekana," nikasema.

"Sawa. Basi mtumie Mama Ndunge kwa simu yake, waangalie. Yangu ni ya kupiga tu, haina picha."

Mama Ndunge alikuwa mwenyekiti wa akina mama wale. Nikachukua namba, nikarudi mjini.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Katika miaka yote ile, kila mtu aliyewahi kuniuliza "hii inaonekana?" alitaka isionekane. Chunusi inaonekana? Kitambi kinaonekana? Soksi iliyotoboka inaonekana? Nilikuwa nimelizoea swali hilo kiasi kwamba nilisikia ombi hata pale pasipokuwa na ombi. Mutua alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuuliza hivyo akitaka ionekane.

Nikaketi. Nikakuza ile pembe ya chini kushoto. Doa lilikuwa kama punje ya maharagwe, la kahawia, na lilikuwa peke yake. Sikutafuta pacha. Nilichukua kile chombo tulichokuwa tukikiita muhuri, ambacho huchukua kipande safi cha picha na kukigonga juu ya kichafu, nikachukua mabati ya juu nikayagonga chini, gonga, gonga, basi. Dakika tatu hazikuisha. Nikahifadhi picha juu ya ile ya kwanza, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Kadi ya kamera ilifutwa siku ile ile ili itumike kwa ubatizo. Nikamtumia Mama Ndunge picha. Nikalala vizuri.

Mutua akampigia Mama Ndunge kumwuliza kama wameiona alama kwenye kioo, na kumwambia kwamba kama hawaipendi atawawekea kioo kipya. Mama Ndunge akamjibu, "Tumeona picha, Fundi, kioo iko sawa kabisa, leta tu." Mutua akaelewa wameliona doa wakalikubali. Mama Ndunge naye, kama alivyoniambia baadaye, alidhani fundi ni mtu wa kujishusha, anaona kasoro mahali ambapo hakuna.

Alhamisi meza ikafika Kangundo. Harusi ilikuwa Jumamosi. Blanketi lililoifunika likaondolewa mbele ya akina mama wote.

Ijumaa asubuhi nilikuta Mutua amekaa kwenye ngazi ya studio kabla sijafungua. Hakunisalimia kwanza, na kwa mtu wetu hilo peke yake ni habari.

"Mama Mueni," akasema, "wewe ulituma picha gani?"

Nikawasha kompyuta. Nikamfungulia. Akatazama pembe ile ya chini muda mrefu sana, uso umekaribia kugusa skrini.

"Doa iko wapi?"

"Nilisafisha."

"Nani alikuambia?"

Akaketi kwenye kiti cha wateja, kofia yake juu ya magoti, akanieleza polepole. Mama Ndunge alikuwa amemwita mwongo mbele ya watu. Alisema fundi alituma picha ya kioo kizima akaleta kilichooza, akitegemea kwamba siku ya harusi imekaribia na hawatakuwa na la kufanya. Na alisema Jumapili, ibada ikiisha, atasimama awaambie watu wa kanisa zima.

"Kioo sijali," Mutua akasema. "Kioo nimeshaagiza ingine, inafika leo. Lakini Jumapili atasema, na mimi nitaishi wapi? Hii mikono si kitu. Watu wananipatia kazi juu ya vile wananiamini."

Niliitafuta ile picha ya kwanza kila mahali, kwenye kadi, kwenye pipa la kompyuta, hata kwenye flashi ya nyimbo za kwaya. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia Mutua, "Twende Kangundo. Nitasema mwenyewe." Nilifunga studio na ubao wa "narudi sasa hivi" ukaning'inia pale mchana kutwa.

Tulimkuta Mama Ndunge uani kwake na akina mama kama kumi wakichambua mchele kwenye nyungo. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Meza ilikuwa barazani, imefunikwa leso, kama mgonjwa. Tulisalimiana, nikapewa kiti. Mutua hakupewa. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikasimama nikasema yote. Kwamba picha niliyopiga ilikuwa na doa, kwamba fundi alitaka walione, kwamba mimi ndiye niliyelifuta bila kutumwa. Mama Ndunge alinisikiliza hadi mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Mwaitu," akasema, akiniita mama kwa heshima kabisa, "wewe unasafishia watu vioo. Leo fundi amekuleta umsafishie jina. Hiyo picha ya kwanza iko wapi?"

"Haipo. Nilihifadhi hii nyingine juu yake."

"Aa," akasema, na akina mama wote wakasema "aa" pamoja naye, na nyungo zikaanza tena.

Mimi ni mtu wa kujibu, waulizeni wanangu. Siku ile niliketi tu. Nilimtazama Mutua amesimama kando ya nguzo ya baraza, mtu mzima, anahesabu vidole vya miguu yake, nikatamani ardhi inimeze. Mwisho nikaomba kitu kimoja tu. Nikamwambia Mama Ndunge anionyeshe ile picha niliyomtumia, kwenye simu yake mwenyewe.

Sijui nilitafuta nini. Labda nilitaka tu kushika kitu mikononi. Nikaikuza pembe ya chini kushoto, na macho yangu ya kazi, yale yaliyokuwa bado mazima, yakaona. Ndani ya kioo, kwenye mabati, kulikuwa na msumari. Kichwa chake kilipinda kulia, na chini yake kutu ilikuwa imeteremka kama uji uliochemka ukafurika kwenye sufuria, mstari mmoja mrefu na mwingine mfupi uliokatika katikati. Nikasogeza picha juu. Msumari. Kichwa kimepinda kulia, mstari mrefu, mstari mfupi umekatika katikati.

Nilipochukua mabati ya juu kuyagonga chini, nilikuwa nimebeba na msumari wake. Fundi wa picha yeyote angeona aibu. Mwanafunzi wa wiki moja huwa anakagua asirudie kitu mara mbili. Lakini nawaambia, sijawahi kufurahia kazi yangu nzuri kama nilivyofurahia ile mbaya. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

"Mama Ndunge, kuja! Weka kidole hapa. Unaona nini?"

"Msumari."

"Na huku juu?"

Akavaa miwani. Akatazama chini, akatazama juu, akarudi chini. Akamwita jirani yake, naye akamwita mwingine, simu ikazunguka kwenye mikono yenye vumbi la mchele.

"Hii ni msumari moja," mmoja akasema.

"Na kutu pia ni hiyo hiyo," akasema mwingine. "Hata hapa imekatika."

"Hakuna bati duniani yenye misumari inafanana hivyo," nikasema. "Huu wa chini ni mimi niliuleta, nikafunika kitu. Sasa njooni kwa meza muone nilifunika nini."

Nikaitoa leso. Mama Ndunge akapima kwa shubiri kutoka pembe ya kioo, akapima kwa ukucha kwenye simu, kama fundi wa nguo. Pale palipokuwa na msumari wa pili, ndipo palipokuwa na doa. Hata ukubwa ulilingana.

Mutua alikuwa ameinua kichwa. Mama Ndunge akavua miwani, akaikunja, akamgeukia, na ile sauti yake ya bonde ikashuka.

"Fundi, wewe uliniuliza kwa simu kama tumeona alama."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na mimi nikakuita mwongo mbele ya hawa wote."

Mutua akaigeuza kofia yake mikononi.

"Basi nakuomba msamaha mbele ya hawa wote. Na Jumapili nitasimama vile nilisema nitasimama. Lakini nitasema ingine." Halafu akanigeukia mimi. "Kumbe mwizi ya doa ni wewe!"

Akina mama wakaangua kicheko, na mimi nikalia. Nililia kabisa, mbele ya watu, pua na macho. Mutua naye akaketi kwenye ukingo wa baraza, bila kukaribishwa, kama mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya safari ndefu. Mtu akamletea kiti. Akaletewa chai, akanywa vikombe vitatu. Jioni ile ile alitia kioo kipya, na Jumamosi meza ilibebwa mbele ya hema, ikang'aa mpaka watu wakajikinga macho. Na Jumapili Mama Ndunge alisimama. Wanasema alisema sana, kama kawaida yake.

Tangu siku ile sikugusa doa kabla ya kutafuta pacha wake, na mtu akiniuliza "hii inaonekana?" nilimuuliza kwanza, "unataka ionekane ama isionekane?" Wengine walikasirika. Wachache walifikiri, wakasema iache. Ungeshangaa ni vitu gani watu wanataka viachwe. Nilinunua pia diski kubwa. Nanyi simu zenu zina nafasi ya kutosha, hamna kisingizio.

Nilipoacha kazi, Fundi Mutua alikuja nyumbani na kitu kimefungwa gunia. Alikuwa amekata kipande cha kile kioo cha zamani, akakitia fremu ya mvule, hapana, nasema uongo, ni grevilea tu, mti wa kawaida wa shambani, lakini ameing'arisha vizuri. Doa liko pale pale, pembe ya chini kushoto. Kila asubuhi nikichana nywele zangu nyeupe ninaliona, na mkono wangu haujawahi kushika kitambaa.

Alikitundika mwenyewe sebuleni. Ni kioo kidogo, chepesi kubeba, msumari mmoja unatosha. Akapigilia huo mmoja, akakitundika, akarudi nyuma akatazama. Kisha akatoa msumari mwingine mfukoni, akaupigilia kando ya ule wa kwanza, akaupindisha kichwa kidogo kulia. Hauna kazi yoyote. Akakusanya nyundo yake, akaomba chai.